Ratiba ya Mchanga

Kasingirima, Kigoma
Jumatatu, 21 Julai 1997

Mpendwa Edina,

Zipokee kwanza salamu zangu, halafu za Baba na Mama, halafu za kitanda chako, ambacho tangu uondoke nimekijaza vitabu ili kisionekane kitupu. Mama anauliza mkono wa mama yako unaendeleaje. Anasema kiwiko kilichovunjika hakitaki haraka, kwa hiyo usimruhusu abebe beseni hata akikuapia kwamba amepona.

Sasa nisikilize. Mwalimu Skolastika ametuchagua, mimi na wewe. Mdahalo utakuwa Ijumaa tarehe 5 Septemba bwaloni. Wazazi wataalikwa, na kwa ajili yao tutazungumza Kiswahili. Hoja ameiandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAKI ISIYOWEZA KUTEKELEZWA SI HAKI. Watakaotetea ni Rodgers na Wema. Watakaopinga ni sisi. Nilipokuwa narudi nyumbani nilikuwa nazungumza peke yangu njiani, na mama mmoja muuza vitumbua akaniuliza kama nina homa.

Baba amekwisha kumuunga mkono Rodgers bila kuombwa. Unajua kazi yake ya mipango kule halmashauri imemwingia mpaka kwenye ugali. Jana mezani alisema, "Sia, mpango usio na bajeti ni sala." Nikamuuliza, "Kwani sala ni mbaya, Baba?" Mama akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Baba akasema, "Sala ni nzuri sana. Ila usiniletee ofisini."

Lakini mimi nafikiri hivi. Kama haki inangoja mpaka iwezekane, basi mwenye haki ni yule anayeruhusiwa kusema nini kinawezekana, na huyo kwa kawaida ndiye aliyekwisha kukaa kwenye kiti. Je, si kweli? Niambie kama si kweli.

Tena, Mwalimu Mkuu amesema usipoonekana Jumatatu ya kwanza ya Septemba, nafasi yako ya kidato cha tatu atapewa mwingine, na wewe utarudia mwakani. Nimeandika jambo hili katikati ya barua kwa makusudi, ili ulisome baada ya kufurahi na kabla ya kufurahi tena. Njoo, Edina. Na ukija niletee mfano wa kweli kutoka kwenu Ilagala: mtu anayestahili kitu, na watu wote wanasema haiwezekani. Rodgers ana maneno mengi. Sisi tuwe na mtu.

Ni mimi rafiki yako,
Sia

*

Ilagala
Jumapili, 27 Julai 1997

Sia wangu,

Barua yako nimeipata kwa Baba Mdogo Dismasi aliporudi kutoka Kibirizi kuuza dagaa. Aliinusa kwanza, akasema, "Hii imeandikwa na mtu asiye na njaa." Hiyo ndiyo salamu yake kwako.

Mkono wa Mama bado umefungwa. Mimi ndiye ninayeanika, ninayegeuza na ninayefukuza kunguru. Kaka Nassib anavua usiku, hawezi kuvua usiku na kuanika mchana. Kwa hiyo kuhusu Septemba sijui nikuambie nini. Nikiondoka, hakuna mikono mingine. Basi tuyaache hayo.

Umeomba mfano. Ninao, ulikaa mbele yangu leo mchana.

Kuna mama mmoja wa ng'ambo, kutoka upande wa Uvira, aliyevuka ziwa mwaka jana wakati wa vita akiwa na binti yake na wadogo wawili. Wanamwita Mama Feza, kwa jina la binti. Wanakaa kwa Mzee Mwinshehe, ambaye babu yake na babu yao walikuwa ndugu. Mama Feza ananunua dagaa wabichi kama wengine, lakini hana pa kuwaanika. Hapa mchanga si wa kila mtu. Kila mwanamke ana kiwanja chake alichoachiwa na mama yake au mama mkwe wake, na mpaka ni mawe. Kuvuka mawe ya mwenzio ni kama kuingia jikoni kwake na kufunua chungu. Viwanja vimejaa kutoka mdomo wa mto mpaka kwenye majabali. Kwa hiyo Mama Feza anaanika uani kwa Mzee Mwinshehe, palipo na vumbi na mbuzi, na dagaa wake wanatoka weusi, na wanunuzi wa Kibirizi wanampita.

Leo alikwenda kwa mama mmoja mwenye kiwanja kikubwa. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Dada, unisogezee kidogo tu. Hapa mwisho, kwenye mawe."

"Nikusogezee niende wapi? Majini?"

"Mchana wako ukiisha, hata jioni."

"Jioni jua limekwenda, Mama Feza. Mimi sina ubaya na wewe. Lakini nikikupa leo, kesho watakuja wenzako wote. Mchanga hauongezeki. Haiwezekani."

Mama Feza alisema aksanti, akaondoka. Binti yake alibaki amesimama akiangalia mawe. Ni wa rika letu. Halafu akaniuliza mimi, si yule mama: "Nani aliyeyaweka?" Nilimwambia sijui, niliyakuta.

Huo ndio mfano wako. Utumie upendavyo.

Edina

*

Kasingirima
Ijumaa, 1 Agosti 1997

Edina, Edina,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama na sikukaa mpaka mwisho. Ule ndio mfano wenyewe. "Nani aliyeyaweka?" Nitaufungua mdahalo kwa maneno hayo.

Mama Feza ananunua dagaa walewale, jua linalowakausha ni lilelile, na mgongo unaoinama ni kama wa wengine. Aliyezaliwa upande huu wa ziwa hakufanya kazi yoyote ili azaliwe upande huu. Kwa hiyo anastahili mchanga sawa na mwingine. Mtu akisema mchanga hautoshi, amejibu swali lingine. Amesema ni vigumu. Hajasema si haki yake. Na huyo mama mwenye kiwanja kikubwa ana roho kavu kuliko dagaa zake, ninasema hivyo bila kumjua. Neno "haiwezekani" mdomoni mwake lina maana ya "sitaki", ila limevaa nguo ya kanisani.

Lakini ili Baba asiseme napeleka sala ofisini, nimetengeneza mpango. Nimeuchora kwa rula, nimeufunga ndani ya bahasha hii. Ni ratiba ya kile kiwanja kikubwa. Wiki moja anaanika mwenyewe, wiki inayofuata anaanika Mama Feza, kuanzia Jumatatu tarehe 4. Wiki ya tarehe 11 ni ya Mama Feza, na kuendelea hivyo. Siku sawa, mchanga sawa, hakuna wa kulalamika. Baba aliiangalia kwa muda mrefu akasema mistari imenyooka. Kwa Baba hiyo ni sifa kubwa.

Msomee huyo mama. Usiogope. Mwambie imetoka kwa mwanafunzi wa sekondari asiyemtakia mabaya. Kisha uniandikie anasemaje. Nitashindwa kulala mpaka nijue.

Kitanda chako nimekitoa vitabu.

Sia

*

Ilagala
Jumanne, 19 Agosti 1997

Sia,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu nikacheka, halafu hasira ikarudi. Sasa nimetulia.

Huyo mama mwenye kiwanja kikubwa ni mama yangu.

Nilikuandikia "mama mmoja" kwa sababu niliona aibu kumwandika kwa jina. Kosa hilo ni langu. Lakini barua yako ilipofika, Mama aliona ninaisoma kwa siri, akasema, "Soma kwa sauti. Barua ya Sia hata mimi ni yangu." Nikasoma nikiruka. Akasema, "Usiruke, mwana wanje, mwanangu, mimi nimekaa na watoto wa shule, najua mtu anayeruka." Basi nikasoma yote, pamoja na roho kavu. Na Feza alikuwa mlangoni, ameleta beseni letu.

Mama alilipokea beseni. Halafu akauliza, "Huyu Sia ndiye ninayempelekea dagaa kila Krismasi?"

Nikasema ndiye.

"Anawala?"

Nikasema anawala sana.

Akasema, "Mwambieni Mama Feza achukue wiki yake. Nisije nikasomwa bwaloni mbele ya wazazi wa watu."

Ratiba yako ikabandikwa ukutani kwa Mzee Mwinshehe. Wanawake wote walikuja kuitazama. Wiki ya kwanza tulianika sisi, dagaa walikuwa wengi, tukajaza magunia. Jumatatu tarehe 11 Mama Feza akaingia kwenye mchanga wetu. Siku mbili alipata kidogo. Baada ya hapo hakupata kitu.

Wewe mtu wa Moshi, umekaa Kigoma miaka mitano na hujawahi kujiuliza kwa nini kuna siku Kibirizi hakuna dagaa wabichi? Mbalamwezi ikikua mitumbwi hailali ziwani. Dagaa wanafuata taa ya karabai. Maji yote yakiwa meupe, taa haina kazi, na wavuvi wanabaki nyumbani kushona nyavu. Ratiba yako imempa Mama giza na imempa Mama Feza mwezi. Wiki hii ni yetu na sisi pia hatupati kitu, ila sisi tuna magunia ya wiki ile ya giza. Hakuna mtu wa hapa aliyegundua mapema, maana sisi hatuhesabu kwa Jumatatu, na hiyo karatasi ilikuwa nzuri mno kuitilia shaka.

Mama Feza alikuwa na mchanga mpana, safi, bila kitu cha kuweka juu yake. Aliufagia. Kila asubuhi aliufagia. Wanawake walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu hawakucheka. Wiki ya giza alikuwa ameacha kuanika uani akingoja zamu yake kwetu, na wiki yake ilipokwisha aliuza kitenge chake ili wadogo wale. Kosa ulilifanya wewe kwa rula, aliyelilipa ni yeye. Hiyo ndiyo hasira yangu, na nataka uijue.

Lakini kuna jambo lingine, na kwa ajili yake ndipo nimekaa kuandika. Juzi wanawake walikusanyika. Nilidhani watasema, mmeona sasa, arudi kwa mbuzi wake. Hakuna aliyesema hivyo. Verediana, ambaye kiwanja chake kimepakana na chetu na ambaye humjui, lakini ujue hapendi mtu, alisema, "Ile karatasi ni ya kijinga. Sasa tufanyeje?" Na Mama akasema, "Siwezi kumwambia atoke. Nimekwisha kukubali kwamba ni wa kwake pia. Nitaanzaje kukataa?"

Mwezi uliopita walisema haiwezekani. Sasa wanasema hatujui namna. Haya si maneno mamoja, Sia. Nimekaa nayo siku mbili na bado yananisumbua kwa furaha.

Kuhusu kurudi shule, mkono wa Mama haujanyooka. Usikitandike kitanda.

Edina

*

Kasingirima
Ijumaa, 22 Agosti 1997

Mpendwa Edina,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ndogo kwa mama yako. Imeanza na shikamoo na imeendelea na shikamoo kwa muda mrefu. Msomee bila kuruka. Kuna na kitenge, Mama amekitoa sandukuni mwake bila mimi kuomba alipoisikia habari hii. Ni cha Mama Feza. Mama anasema apewe kimyakimya, asitangaziwe.

Nililia, lakini siandiki ili uniambie nisilie. Nilimwambia Baba yote. Nilitegemea atasema, "Si nilikuambia?" Alivua miwani akasema, "Ndiyo maana kabla ya kupanga kisima mimi nakwenda nakunywa maji ya watu wale." Nikamwambia, basi Rodgers amesema kweli. Akasema, "Sijui. Hiyo ya 'tufanyeje' sijawahi kuisikia kikaoni kwetu. Kwetu ikishindikana tunafunga faili."

Nimeifikiria mpaka kichwa kinauma kwa utamu. Nilichanganya vitu viwili, Edina. Nilidhani nikiwa na haki upande wangu, basi na ratiba yangu ni ya haki. Rodgers naye anachanganya vilevile, ila kinyume chake: ratiba ikianguka, anadhani na haki imeanguka. Kumbe ratiba inaweza kufa mara kumi na Mama Feza akabaki anastahili palepale. Ila anayechora ratiba lazima amuulize mvuvi kwanza, maana ikianguka haimwangukii yeye. Nitasema yote mawili bwaloni. Nitasema na la rula.

Lakini nimeona aibu nyingine. Nilikuomba mfano kama mtu anayeomba chumvi. Kumbe mfano wenyewe ndio mchanga unaokuzuia usije. Mama yako akiwa na nusu ya mchanga na mkono mmoja, nani atakuachia uje? Mimi niliyataka yote mawili, Mama Feza apate na wewe urudi, na sikuona kwamba yanavutana.

Sina mpango. Kwa mara ya kwanza sina mpango. Niambie tufanyeje.

Sia

*

Ilagala
Alhamisi, 28 Agosti 1997

Sia,

Mawe yameondolewa.

Naandika haraka, Baba Mdogo Dismasi anapakia. Giza limeingia tangu mwanzo wa wiki na dagaa wamekuja kama hawajawahi kuja. Jumatatu alfajiri Mama alikwenda mpakani kwetu akainua jiwe kwa mkono wa kushoto akalitupa majini. Verediana akasema, "Umechanganyikiwa, Mama Edina?" Mama akasema, "Bado. Tupa na wewe tuone." Wakacheka, wakatupa. Wengine walitupa kwa kununa, na mmoja mpaka leo anapitia kwangu bila kunisalimu, kama mimi ndiye niliyekuzaa wewe.

Sasa kila asubuhi wanawake wanangoja mitumbwi ifike. Kila mmoja anaonyesha mabeseni ya dagaa aliyonunua, na Verediana anachora mistari mchangani kwa ufito, mwenye mengi anapata sehemu pana, mwenye machache anapata nyembamba. Mama Feza naye amechorewa. Kesho mistari inafutika, inachorwa mingine. Mama anasema miaka yote nusu ya mchanga wetu ulikuwa mtupu siku tulizonunua kidogo, na jirani amebanana, na hakuna aliyeuona utupu ule kwa sababu ulikuwa na mawe yake. Mchanga haukuongezeka hata chembe. Tulikuwa hatujautazama.

Na mimi nakuja. Mama na Mama Feza wameungana, wananunua pamoja na kuanika pamoja. Feza atageuza badala yangu. Nimefunga sanduku. Nitapanda na Baba Mdogo Jumapili. Mama amefurahi, Mama Feza amefurahi, Mzee Mwinshehe ametoa kuku.

Sasa sikiliza. Jana nilikuwa namwonyesha Feza jinsi tunavyogeuza dagaa kwa fagio bila kuvunja vichwa vyao. Aliweza mara moja. Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Hisabati mmefika wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Sisi tulikuwa tumepita hapo." Alikuwa mwaka wa tatu wa sekondari kule Uvira, Sia. Akaendelea kugeuza.

Mpango huu unawezekana kabisa. Rodgers angeupenda. Kila mtu amepata kitu isipokuwa mmoja, na huyo hakuulizwa, hata na mimi. Nilifungua mdomo nimuulize, nikaogopa jibu. Sitakudanganya kwamba nimekataa kuja. Nataka kuja, nimetaka kila siku. Nakuja nikiwa na furaha, na ndani ya furaha kuna kokoto.

Tandika kitanda.

Edina

*

Kasingirima
Jumapili, 7 Septemba 1997

Mpendwa Feza,

Hatujawahi kuandikiana na mimi sijakuona, lakini nimekufahamu kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mimi ni Sia, mtu wa ile ratiba. Naomba radhi kwako na kwa mama yako, mpe shikamoo yangu. Edina amekaa hapa kando, ananisahihisha.

Tumekuandikia kukueleza mambo yaliyosemwa juu yako, maana si vizuri uwe wa mwisho kuyajua.

Edina alifika salama na nafasi yake ipo. Jumatatu asubuhi tulikwenda kwa Mwalimu Mkuu tukaomba na wewe upokelewe. Alitusikiliza vizuri. Alisema madawati yamejaa, kibali cha mwanafunzi mkimbizi hakitoki kwake, na hata kingetoka, ungelala wapi. Edina akasema, kwenye kitanda changu. Mwalimu Mkuu akasema, "Binti, haiwezekani," akatufungulia mlango.

Kwa hiyo Ijumaa tuliingia bwaloni tukiwa na moto. Rodgers alianza. "Mheshimiwa Mwenyekiti, wapinzani wetu wanataka tudai hata kisichowezekana. Basi mimi nadai pikipiki." Bwalo zima likacheka, hata wazazi. Edina akasimama akasema, "Rodgers, ukikosa pikipiki unakwenda kwa miguu. Msichana tunayemsemea akikosa shule anakwenda wapi?" Hawakucheka tena.

Lakini Wema, msemaji wao wa pili, ni hatari. Alisema kwamba kumwahidi mtu haki isiyotekelezeka ni kumfanya aache kidogo alichonacho na kubaki mikono mitupu. Nilihisi amesoma barua zangu. Nikasimama, nikasema ni kweli, na kwamba mimi mwenyewe nimelifanya hilo kwa rula, na kuna mama aliyeuza kitenge kwa ajili yangu. Kisha nikasema: swali la haki linauliza mtu anastahili nini. Swali la uwezekano linauliza tuanzie wapi. Yote ni maswali ya kweli. Lakini tukijibu la pili kwanza, la kwanza halitaulizwa tena, na tutaita haki kila kilichokuwa rahisi. Nikawaambia habari ya mawe. Nikawaambia kwamba yuko msichana Ilagala anayegeuza dagaa ili mwenzake akae darasani, na kwamba kila mtu ameridhika, na kwamba mimi siridhiki.

Tulishindwa. Mikono mingi ilipanda upande wa Rodgers. Baba hakunyoosha mkono mara zote mbili, na tulipofika nyumbani akasema bado anafikiri, kisha akaniomba nimwandikie jina lako vizuri, na la shule yako ya Uvira. Hakusema ni ya nini. Baba hasemi mpaka awe ameona maji.

Mwalimu Skolastika alitufuata nje. Alisema, "Hamkushinda, lakini niambieni, kuna aliyekataza karatasi ya maswali kupanda mtumbwi?" Tukasema hakuna. Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kuna jaribio la Hisabati tulilofanya juzi. Kwetu linaandikwa kwa Kiingereza, Edina amekuandikia Kiswahili pembeni. Lifanye kama unapenda. Kila jaribio litakufuata hivyo, na Mwalimu atasahihisha mwenyewe.

Tunajua hiyo si shule.

Wako,
Sia, na Edina

*

Ilagala
Ijumaa, 12 Septemba 1997

Dada Sia, Dada Edina,

Jambo kwenu. Kiswahili changu ni cha ng'ambo, musikicheke.

Mama anasema aksanti kwa kitenge, amekivaa Jumapili. Lakini sasa bwalo zima linajua kile cha kwanza alikiuza. Mimi sikupenda. Mama alisema wacha, ni watoto. Siku nyingine, mukitaka kusema habari yetu, munitumie kwanza niisome. Nitarudisha upesi, Baba Mdogo Dismasi anakuja kila mara.

Dada Edina, wewe ulifungua mdomo siku ile na ukafunga. Mimi niliona. Basi nakujibu bila kuulizwa. Leo nimegeuza dagaa, na kesho nitageuza, kwa sababu mama yako ana mkono mmoja na mama yangu amechoka. Ninageuza vizuri kukupita, Verediana mwenyewe alisema. Lakini sijakubali. Watu wanaona mtu anafanya kazi wanasema amekubali. Kugeuza ni kitu kimoja, kukubali ni kingine. Mukiulizwa na Mwalimu Mkuu, au na yule Rodgers, museme Feza hajakubali. Ninataka kukaa darasani, asubuhi, na watu wengine. Siitaki shule kwa sababu inawezekana tu. Ninaitaka.

Na wewe, Dada Edina, usirudi huku kwa ajili ya huruma. Nikikuona Ilagala kabla ya likizo tutagombana. Kaa hapo, soma, na kila siku uone kiti ambacho hakipo.

Jaribio nimelifanya. Nililifanya juu ya mchanga mchana dagaa wakikauka, kwa hiyo karatasi inanuka, Mwalimu anisamehe. Kanuni zenu ni zile zetu, x ni x pande zote mbili za ziwa. Nimejibu yote isipokuwa la sita. Nimelirudia mara nyingi nikidhani ni mimi. Si mimi. Pembe mulizotoa zikijumlishwa zinapita digrii 180 za pembetatu. Huwezi kuchora pembetatu hiyo hapa, wala Uvira, wala mahali popote, hata watu wote wakipenda. Kwa hiyo nimeandika: haiwezekani. Hapo neno hilo ni la kweli, na nimeonyesha njia.

Mumwambie Mwalimu asahihishe kwa wino mwekundu, na aniweke kwenye mstari pamoja na wengine, kwa maksi, nione ni wa ngapi.

Feza